Aliniambia aliyeokoka kweli hakosi furaha

Mpendwa Mshauri,

Bwana asifiwe. Ninakuandikia saa kumi alfajiri, baada ya usiku ambao sikupata hata lepe la usingizi, hivyo uniwie radhi ikiwa maneno yangu hayatakuwa na mpangilio.

Ijumaa iliyopita, tulipokuwa tukiombeana katika ushirika wetu, nilisema kwamba kwa miezi kadhaa nimekuwa nikiomba bila kuhisi kama kuna anayenisikia. Sikusema zaidi ya hapo. Dada mmoja wa ushirika huo akanijibu mbele ya wote kwamba aliyeokoka kweli hakosi furaha, kisha akaanzisha pambio, na wenzangu wakapiga makofi. Nami nilipiga makofi.

Sisemi haya kwa kinyongo, maana nilikwisha kumsamehe. Lakini mtu niliyekesha naye hospitalini mtoto wake alipolazwa, aliwezaje kuupima wokovu wangu kwa kuutazama uso wangu? Mimi si mtu wa kusuasua. Nimeokoka mwaka wa 14 sasa, sikosi ibada, ninatoa zaka, na baadhi ya watoto niliowafundisha Shule ya Jumapili leo ndio wanaotuongoza katika sifa. Ninaona aibu kuyaorodhesha, kwa sababu ninajua hatuokolewi kwa matendo. Watoto hao hao ndio niliowakaririsha Waefeso 2:8.

Usiku huu nimeusoma Waraka wa Kwanza wa Yohana wote. Mwanzoni anasema ushirika wetu ni pamoja na Baba na Mwana wake, na kwamba anaandika ili furaha itimizwe. Karibu na mwisho, katika 5:13, anasema ameandika ili tujue ya kuwa tuna uzima wa milele. Hakusema tuhisi, alisema tujue, na neno hilo lilinituliza kiasi cha kudhani kwamba nitalala. Kisha nikarudi nyuma hadi 3:14, pasemapo kwamba tunajua tumepita kutoka mautini kuingia uzimani kwa maana twawapenda ndugu. Mstari huo nilikwisha kuupigia wino mwekundu zamani, na pembeni nimeandika kwa mkono wangu, "Amina, ni kweli." Sikumbuki niliandika lini.

Tangu Ijumaa dada yule amenipigia simu mara mbili, nami nimeiacha iite. Simchukii. Tena ukavu huu ulianza kabla ya maneno yake, kwa hiyo siwezi kusema ndiye aliyeniondolea furaha. Ila kila ninapopiga magoti sasa, sauti ninayoisikia ni yake. Daudi katika Zaburi ya 51 aliomba arudishiwe furaha ya wokovu. Kama furaha hiyo yaweza kumpotea mtu naye akaendelea kumwita Mungu wake, kwa nini mimi niambiwe mbele ya watu kwamba sijaokoka? Hakutumia maneno hayo, ninakiri, lakini ndivyo nilivyomsikia.

Sitafuti kufarijiwa, nataka ukweli, ingawa ukiwa na neno la faraja nitalipokea. Jumapili hii tuna Meza ya Bwana, naye huketi benchi moja nami. Je, nishiriki nikiwa katika hali hii, au nikae kando hadi moyo utulie? Na ikiwa utaniambia nimwendee kwanza, nitaanzaje kuzungumza na mtu ambaye hadi leo hajui kwamba aliniumiza?

Ni mimi msomaji wako