Kambi ya wiki ijayo: pimeni mabegi leo
Habari za jioni wazazi na vijana. Begi lipimwe leo, si usiku wa kuamkia safari. Likizidi robo ya uzito wa mbebaji, punguzeni. Viatu vipya viacheni, au mvivae kuanzia kesho hadi vilainike. Safari iliyopita kijana mmoja alianza kuchechemea hata kilomita 3 hatujamaliza, kisigino kimeota lengelenge kubwa kama kifungo cha koti. Nguo za pamba zikilowa hazikauki upesi na humpoza mtu mwili, kwa hiyo leteni za sufu au poliesta, na soksi za akiba, nyingi kuliko mnavyodhani.

Mwenye pumu au mzio, dawa zikae mfuko wa juu wa begi, nami nijue mapema. Niandikieni pembeni, si hapa.

Siku ya kayaki kila mtu atavaa jaketi la kujiokoa, hata bingwa wa kuogelea. Nitalivuta mabegani, likipanda hadi masikioni, halijabana. Hilo halina mjadala, msinitumie sauti za dakika 5. Simu tutazikusanya usiku (najua, najua).

Fomu za ridhaa bado 4. Nazitaka kabla ya Ijumaa.