Barua kwa mwanangu kabla hajapanda basi

Tanga, Jumapili jioni

Mwanangu,

Nimesikia kwa dada yako, wala si kwako, kwamba karakana ya Temeke hulipa kila Jumamosi, tena taslimu mkononi. Kazi nimeifurahia, na majirani nimewaambia bila kuulizwa kwamba mwanangu ni fundi wa kuchomelea. Lakini hiyo Jumamosi ndiyo inayoninyima usingizi. Nakuomba umwambie tajiri wako mshahara autume kwenye simu ya dada yako.

Usidhani nakuona mwizi. Ya cherehani yamekwisha. Nilifundisha baiolojia miaka 31 na haya sikuyaelewa mpaka yaliponikuta nyumbani. Mwaka 1954, huko Montreal, Kanada, watafiti James Olds na Peter Milner walipitisha waya ndani ya bongo za panya, na panya wakawa wanabonyeza wenzo uliowapa umeme mahali fulani, mara mamia kwa saa moja. Baadaye mtafiti mwingine, Wolfram Schultz, alionyesha kwa nyani kwamba chembe za ubongo zinazotoa dopamini, kemikali inayousukuma mwili kuitafuta zawadi, zikishazoea hazishtuki tena maji ya matunda yanapofika mdomoni, bali hushtuka inapowaka taa inayoyatangulia. Kwako wewe, mwanangu, taa hiyo ni noti. Ukiishika tu, ubongo umeshaondoka kabla hujaamua lolote, na ile sehemu iliyo nyuma ya paji la uso, ambayo kazi yake ni kusema ngoja na ambayo unga, hiyo heroini, umeidhoofisha, inafika imechelewa. Miaka yote niliyokuita huna haya, nilikuwa nikiigombeza hiyo iliyochelewa.

Baba yako alikuahidi pikipiki ukimaliza mwaka mzima, nami nikamuunga mkono kwa sauti kubwa. Kwa mtu anayehesabu saa zilizobaki kabla ya arosto, yale maumivu ya kuukosa unga, mwaka ni hadithi ya watoto. Kule Vermont, Marekani, Stephen Higgins na wenzake waliwapa watumiaji wa kokeini kuponi za kununulia vitu kila mkojo wao ulipopimwa ukawa safi. Thamani ikapanda kadiri vipimo safi vilivyofuatana, na mtu akiteleza ikarudi chini. Wengi walikaa bila kokeini muda mrefu kuliko waliopewa ushauri wa kawaida. Zawadi ilikuwa ndogo, lakini ilikuwa ya hakika na ya siku hiyo hiyo. Kwa hiyo nimepatana na dada yako: kila wiki utakayokunywa metadoni, dawa ya kliniki inayoshika nafasi ya unga, siku zote saba, Jumamosi atakununulia kifurushi cha simu na kukupikia utakacho. Ukicheka, cheka, lakini kubali.

Dozi usiiruke hata siku moja kwa kujiona umepona. Metadoni hukaa mwilini zaidi ya saa 24 na haipandi ghafla kama unga, ndiyo maana kichwa kinapata nafasi ya kufikiri.

Kuna usiku mmoja mtu alitoa shilingi 5,000 kwenye kopo la sukari, akaziacha mezani na kwenda kulala, kwa sababu hakuweza tena kusikiliza meno yakigongana chumba cha pili. Baba yako hajui.

Bati la jikoni limeng'oka upande wa mnazi. Usitume hela, mjomba wako atakuja kulipigilia. Geti ulilochomea bado halijalegea, na juzi mama mmoja wa barabara ya pili aliulizia fundi wake; nilimwambia amehamia Dar es Salaam, nikaona fahari, kisha nikakumbuka Jumamosi.

Nauli nimeilipa mwenyewe kwa wakala wa basi, kiti ni cha dirishani. Usione nimekudhalilisha. Ndani ya mkebe wa visheti, chini kabisa, nimeweka barua ya kliniki ya kukuhamishia Temeke. Usiikunje, na uipeleke Jumatatu asubuhi kabla ya kwenda karakana, halafu mwambie tajiri wako lile jambo la simu ya dada yako.

Mama yako