Kisigino cha Kandambili ya Bibi Yako

Makorora, Tanga

Mwanangu mpenzi,

Salamu nyingi. Natumai ulifika Dodoma salama na masomo yanaendelea. Huku sote hatujambo, ila nyumba imekuwa kubwa ghafla. Alfajiri bado natega sikio, nikidhani nitasikia mtalawanda wa bibi yako, vile viatu vyake vya mti, ukigonga sakafu ya uani, ko, ko, ko, akienda kutia udhu.

Najua uliondoka na kinyongo. Siku ya hitima, watu wamekaa majamvini, uliniona mimi na yule baba mfupi wa kofia ya viua tumesimama mlango wa uani tunacheka, yeye kainama, mimi nimeshika nguzo, machozi yanatutoka. Ukanivuta pembeni: "Mama, watu wanatuangalia." Kweli walikuwa wanatuangalia. Nikakwambia nitakueleza, kisha wageni wakanizidi, na asubuhi ukapanda basi. Sasa wageni wameondoka, masufuria ya watu yamerudishwa, nami nimekaa barazani na karatasi.

Yule baba ni Kibua. Jina lake la kweli lipo, mkewe analitumia, lakini sisi tuliosoma naye tukimwita kwa jina hilo hageuki. Baba yake alikuwa mvuvi wa Sahare, na yeye mwenyewe alikuwa mfupi, mviringo, macho makubwa, kama yule samaki kibua mtupu. Mfukoni mwa kaptula hakukosa kipande cha samaki wa kukaanga. Daftari zake zote zilikuwa na mafuta, ukiziinua juani unaona upande wa pili.

Tuliandikishwa darasa la kwanza mwaka 1981. Cheti cha kuzaliwa kilikuwa mkono wako. Unaupitisha mkono wa kulia juu ya utosi. Ukigusa sikio la kushoto umekua, usipogusa unarudi nyumbani kucheza mwaka mwingine. Mkono wa Kibua uliishia kwenye nywele. Nyuma yangu bibi yake alikuwa anamwombea dua kwa sauti, maana wiki nzima alikuwa akimkanda ule mkono kwa mafuta ya nazi na kuuvuta. Mwalimu akageuka kidogo kutazama orodha yake. Aliporudisha uso, Kibua amelishika sikio: amelivuta kwa mkono wa kushoto likapanda juu, likakutana na vidole katikati ya njia. Mwalimu alicheka mpaka kalamu ikamwanguka, akamwandika.

Darasani tulikaa watatu watatu kwa dawati. Letu lilikuwa mimi, Kibua na Korona. Usishtuke na jina. Baba yake Korona alikuwa mfanyakazi wa mkonge, na kwenye mkonge korona ni ile mashine inayomeza majani na kutoa singa. Sasa huyu mwenzetu ukimpa muwa unaingia mdomoni upande mmoja, makapi yanatokea upande wa pili, hata hapumziki. Tumwite nani? Mwaka 2020 ulipotangazwa ule ugonjwa, Kibua alinipigia simu usiku: "Umesikia? Jamaa yetu yuko redioni dunia nzima." Kisha akanyamaza, nami nikanyamaza, kwa sababu hatujui yuko wapi.

Mbele yetu alikaa mama yako mdogo wa Duga, unayemjua. Ndiyo, huyohuyo. Tulimwita Chelewa kwa wembamba, na kwa kuwa alikuwa kiranja wa usafi, fagio la chelewa halikumtoka mkononi. Leo ukimwona mlangoni anaingia upandeupande utadhani nakudanganya.

Nikuambie hali ilivyokuwa, maana bila hiyo hutaelewa. Vita vya Kagera vilikwisha mwaka 1979, lakini madukani hakukuwa na kitu. Sukari kwa foleni, sabuni kwa foleni, khanga kwa foleni. Tulipofika darasa la tatu, mwaka 1983, penseli moja ilikatwa kwa wembe ikawa tatu, na tatu hizo ni za dawati zima. Daftari likiisha unageuza unaandika pembeni. Raba ya kufutia hukuiona. Ukikosea unatia mate kwenye kidole unasugua, karatasi inatoboka, na tundu kwenye daftari lilikuwa na viboko vyake. Watu wa rika langu wakikaa hupenda kusema viboko vile vilitufundisha. Mimi havikunifundisha. Vilinifanya nitetemeke mkono, nikitetemeka nakosea zaidi, nikikosea natoboa. Hilo sitalisifu hata kwa ajili ya ujana wangu.

Dawa aliileta Kibua. Bahari ilikuwa imetupa kandambili moja ufukweni kwao, imeliwa na chumvi. Akaibandua kipande, akasugua nacho neno aliloandika vibaya. Neno likaondoka! Karatasi nzima, haina tundu. Korona alikishika kile kipande kama ameshika dhahabu, akakinusa, kisha akakiweka mdomoni kukijaribu.

Ile ya baharini ilikuwa imezeeka, baada ya siku tatu ikaanza kutia weusi. Kibua akaniuliza, taratibu, huku anatazama pembeni, kama nyumbani kwetu kuna kandambili mpya.

Zilikuwepo. Bibi yako alizipata baada ya kupanga foleni tangu alfajiri kwenye duka la ushirika. Nyeupe juu, buluu chini, kanda za buluu. Hakuzivaa chooni wala sokoni, alizivaa harusini. Akirudi anazipangusa kwa kitambaa anazipanga chini ya kitanda, zinatazama ukuta.

Mara ya kwanza nilikata kama punje ya mahindi, kisigino cha mguu wa kushoto, pembeni kabisa. Nilisema basi. Lakini kile kipande kilifuta vizuri mwanangu, kilifuta hata kivuli cha neno! Dawati la nyuma wakaomba. Dawati la pembeni wakaomba. Kipande kimoja kikawa na bei: embe ng'ong'o mbili, au thumni ya mihogo ya kukaanga na chachandu, au zamu mbili za kuruka kamba bila kushika kamba. Chelewa akaja na uso wa ukiranja, akasema atatusemea kwa mwalimu wa zamu. Tukampa kipande kikubwa kuliko vyote, akaenda kufagia.

Nyumbani bibi yako alianza kumlaumu panya. Aliongea naye kabisa, usiku, kutoka kitandani: "Wewe, unga upo, nazi ipo, unakula kiatu changu una nini?" Akatega mtego, kichwa cha dagaa juu yake, kandambili pembeni. Mimi sikujua. Alfajiri naingiza mkono gizani na wembe wangu, paa! Nikajikaza nisilie, nikajaribu kurudi kwa kutambaa na mtego umening'inia kidoleni. Taa ya kibatari ikawaka. Ilikuwa siku chache baada ya Idi, na bibi yako akautazama ule mkono wangu kwa muda mrefu.

"Basi ndiyo panya huyu," akasema. "Panya mwenye hina."

Hakunipiga. Alijifunga khanga, akachukua kandambili zake zote mbili, akanishika mkono ule mwingine, tukaenda shule. Ningependa anipige. Tulifika watu wako mstarini, wameshakaguliwa kucha. Akaongea na mwalimu mkuu kando, mwalimu akatazama kile kisigino, ambacho kwa kweli hakikuwepo tena, kimebaki kama ukingo wa embe lililoumwa. Ikatoka amri: darasa la tatu wote, toeni mlichonacho cha kufutia.

Na aliyetumwa kupita na ungo kukusanya ni nani? Chelewa. Alipita mstari mzima anakunja uso, kila mtu anatia chake, na kila anayetia anamtazama yeye. Alipomaliza akasimama pale mbele, akaanza kulia, akatoa kile kikubwa kwenye soksi.

Bibi yako akachuchumaa. Akaweka kandambili chini mchangani, akachukua vipande kimoja kimoja, akaanza kupanga. Huyu hapa, huyu hapa, huyu anageuzwa. Shule nzima kimya. Hata darasa la saba walikuja kusogea. Tuliona kisigino kinarudi mbele ya macho yetu, kina mistari ya wembe kama ramani ya mitaa ya Ngamiani, barabara hii na ile. Likabaki pengo moja katikati. Mwalimu wa zamu akauliza nani bado. Hakuna aliyejibu. Ndipo bibi yako akainua macho, akamwona Korona, shavu moja limevimba.

"Baba, tema."

Korona akatema. Kipande kina alama za meno pande zote. Bibi yako akakifuta kwa khanga, akakipachika, kikaenea sawasawa.

Mwalimu wa zamu fimbo anayo tayari. Kibua alishaanza kujipapasa makalio. Bibi yako akasema, "Ngoja kwanza, mwalimu. Nipe daftari la huyu." Likaletwa langu.

Hapa kuna jambo ambalo huenda hukulijua. Bibi yako Kurani aliisoma tangu mdogo, lakini hizi herufi nyingine alikuwa anajifunza wakati huohuo, kisomo cha watu wazima, alasiri, darasani kwetu, kwenye madawati yetu yaleyale. Nilipokuwa naandika imla asubuhi, yeye alikuwa anaandika jina lake jioni. Na alikosea, na alifuta kwa mate, na lake lilitoboka. Akafungua ukurasa, akapitisha kidole mahali nilipofuta, polepole, mara mbili.

"Pamefutika vizuri," akasema.

Akaomba wembe. Akachukua kandambili ya kulia, ile nzima, akaikata vipande hapohapo mchangani, akampa Chelewa aende nayo kwa ungo, mstari wa darasa la tatu, kila mmoja chake. Kanda akampa Kibua afungie madaftari. Kisha akaondoka. Jua lilishapanda, mchanga umeanza kuunguza, nami nilimtazama akienda peku mpaka amekata kona, anaruka kwenye kila kivuli.

Hatukuchapwa siku ile. Mwalimu wa zamu alishika fimbo yake kama mtu aliyesahau alitaka kufanya nini nayo.

Wiki ile akanunua mtalawanda. Ukimuuliza kwa nini anavaa mti wakati kabati limejaa viatu, anasema mti unapoza nyayo. Na wewe ulimwamini, kwa sababu aliyekuambia ni bibi yako. Mimi nilinunua kandambili, nilinunua makubadhi, nikamletea viatu vya ngozi siku niliyopata mshahara wa kwanza. Akishukuru, akizipanga, zikitazama ukuta.

Korona aliondoka mwaka 1985, mwaka ule Mwalimu Nyerere aliong'atuka. Bei ya mkonge ilikuwa imeanguka zamani, dunia imehamia kamba za plastiki, mashamba yanafungwa, na baba yake akaamua kurudi kwao Kigoma. Tulimsindikiza stesheni sisi watatu. Kibua alimpa vibua vitano vya kukaanga kwenye gazeti. Treni haijaanza kutembea ameshamaliza vitatu. Alitoa kichwa dirishani akafungua mdomo atuonyeshe, na kwenye shavu kulikuwa na kile kipande chake. Amekitunza miaka miwili! Chelewa alimfokea atakufa nacho. Hilo ndilo neno la mwisho tulilomwambia, nalo linanikera mpaka leo. Huko Dodoma kuna watu wa kila mahali, na wengi wa Kigoma. Ukikutana na mtu ambaye baba yake alisoma Tanga utotoni na anakula muwa namna ile, muulize, kwa adabu.

Kibua alimaliza la saba pamoja nami, akaingia baharini na baba yake. Mwaka 1988, Coastal Union ilipochukua ubingwa, alipita mtaani kwetu na baiskeli amefunga khanga nyekundu ya mama yake shingoni, akapiga kengele mbele ya mlango wetu mpaka bibi yako akatoka na kata ya maji kumwagia. Akamkosa kwa makusudi. Kila Ramadhani, mpaka hii iliyopita, Kibua alimletea samaki wa kufuturu, na kila akifika anavua viatu mbali kabisa na mlango, na bibi yako anamwambia, "Vilete karibu, mimi siibi visigino."

Basi siku ya hitima alikuja amechelewa, ametoka Sahare kwa baiskeli. Akapitia uani asivuruge dua. Pale mlangoni akaukuta mtalawanda wa bibi yako, ulivyokuwa, hakuna aliyekuwa na moyo wa kuuondoa. Akauokota mmoja. Akaugeuza. Akapitisha kidole gumba kwenye kisigino, taratibu, akitafuta alama. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yake. Akanigeukia, macho yamejaa, akaninong'oneza:

"Huu alituweza."

Ndicho tulichokuwa tunacheka, mwanangu. Mmoja nimempa Kibua akae nao. Mwingine upo chini ya kitanda chako, unatazama ukuta.

Mama yako