Kwa Mama Idrisa, kuhusu viza ya mwanao na binti wa saluni

Kigoma, Februari 2026

Mpendwa Mama Idrisa,

Salaam nyingi kutoka huku mwisho wa reli. Sisi hatujambo. Rehema amerudi shule, na baba yake kifua kimetulia kidogo. Barua yako ameniletea mdogo wako aliyeshuka na treni, na nikaianza palepale stesheni kabla hata ya kumuuliza habari za safari.

Umeniandikia mambo mawili kana kwamba hayajuani. Mwanzoni unalia na Marekani kwa kumfungia Idrisa mlango. Mbele unafurahi kwamba hatimaye serikali imewatoa wageni kwenye biashara ndogondogo. Halafu chini kabisa, karibu na sahihi yako, unauliza ufanyeje na yule binti Mrundi wa Makamba anayesuka saluni kwako. Mimi nimeyasoma yote kuwa jambo moja, kwa hiyo nivumilie, barua itarefuka.

Nianze na Idrisa. Pole sana, mama. Kijana amesoma, amepata nafasi chuoni, barua ya kukubaliwa iko mkononi, kisha linatoka tangazo ambalo hata halimjui. Kwa tangazo la rais wa Marekani la Desemba 2025, Tanzania imeingizwa kwenye orodha ya nchi zenye zuio la sehemu, na zuio limeanza tarehe 1 Januari mwaka huu. Linazigusa viza za B za matembezi na biashara, F na M za wanafunzi, na J za programu za kubadilishana. Malawi, Zambia, Zimbabwe na Nigeria wamo humo. Burundi walitangulia, wao tangu tarehe 9 Juni 2025. Nakumbuka habari yao ilivyofika huku: watu walisema masikini Warundi, wakaendelea na shughuli zao.

Yule wakala anayewaambia kuna njia ya pembeni, mwacheni. Viza iliyokwisha kutolewa kabla ya tarehe ile haikufutwa. Mwenye ukaazi wa kudumu Marekani haguswi, wala mwenye uraia wa nchi mbili anayesafiri kwa pasipoti ya nchi isiyo kwenye orodha. Idrisa hana hata kimoja, na sheria yetu hairuhusu uraia wa nchi mbili. Ada ya maombi ni dola 185 na hairudi ukinyimwa. Kuna na ada ya SEVIS, mfumo wao wa kufuatilia wanafunzi wa kigeni, dola 350. Mkizilipa leo mtakuwa mmezitupa, na wakala atakuwa amekula chake juu yake.

Zile habari za dhamana ulizosikia ni kitu kingine. Tangu tarehe 23 Oktoba 2025 Mtanzania anayeomba viza ya matembezi au biashara anaweza kutakiwa kuweka dola 5,000, 10,000 au hata 15,000, arudishiwe akiondoka kwa wakati. Mwanafunzi haimhusu. Sababu inayotolewa kwa haya yote ni ileile, kwamba wenzetu waliotangulia wamepitiliza muda wao. Kwa hiyo mtoto ambaye hajawahi kuvuka hata mpaka wa Rusumo analipishwa kwa watu asiowajua. Uliandika kwamba amehukumiwa kwa jalada la pasipoti. Ni kweli, na maneno hayo nimeyapigia mstari kwa sababu nitayarudia.

Na wala si wasafiri peke yao. Waajiri wa Marekani wenyewe, tangu Septemba 2025, wamewekewa dola 100,000 kwa ombi jipya la viza ya kazi ya H-1B. Dunia nzima sasa inamuuliza mwajiri: huyu unamtaka kweli, au umeshindwa kumtafuta wa nyumbani? Swali hilo sisi tumeliweka kwenye sheria tangu 2015.

Sasa tuje saluni.

Amri uliyoifurahia ilitolewa na Waziri wa Viwanda na Biashara mwezi Julai 2025. Inataja biashara 15 ambazo asiye raia haruhusiwi kuzifanya: kuuza jumla na rejareja, isipokuwa supamaketi, kutuma na kupokea pesa kwa simu, kutengeneza simu, usafi wa nyumba na ofisi, kuongoza watalii, udalali, uchimbaji mdogo, kununua mazao shambani, na nyingine. Uwakala wa forodha umo, na hapo ndipo penye ugali wangu mimi. Saluni nayo imo, isipokuwa ikiwa ndani ya hoteli au kwa ajili ya utalii. Mwenye leseni ya zamani anaendelea mpaka iishe, kisha haipati tena. Mgeni akikutwa, faini haipungui shilingi milioni 10 au kifungo kisichozidi miezi 6, na viza na vibali vyake vinafutwa. Raia anayemsaidia, yaani wewe, ni milioni 5 au miezi 3.

Sasa nitazame vizuri ulichoandika. Unasema binti hajaajiriwa, ana kiti chake, anakulipa kila Jumamosi, na wateja ni wake. Unaona hiyo inakuokoa kwa sababu huna mkataba naye. Mama Idrisa, hiyo ndiyo inayokuponza. Anayekodi kiti na kuchukua pesa ya mteja mwenyewe anafanya biashara, na leseni iliyoko ukutani ni ya kwako. Hapo umemfunika kwa jina lako. Kiti hicho kikome wiki hii, usingoje mwisho wa mwezi.

Utasema basi nimwajiri. Hilo ni jambo la sheria nyingine, ile ya Kuratibu Ajira za Wageni ya 2015. Mwajiri ndiye anayeomba kibali cha kazi kwa Kamishna wa Kazi, na anatakiwa aoneshe kwamba nafasi hiyo hakupata Mtanzania wa kuijaza, na aweke mpango wa namna mgeni atakavyowarithisha ujuzi wazawa. Kibali hakizidi miezi 24, na kuhuisha nako kuna kikomo. Baada ya hapo bado kuna kibali cha ukaazi cha Uhamiaji, daraja B. Ada ni za dola. Mimi nimejaza fomu hizi kwa ajili ya mafundi mitambo na wahasibu, na nakwambia kwa moyo mweupe: sioni ofisa atakayekubali kwamba Tabora nzima imekosa msusi. Najua mikono yake. Rehema alirudi kutoka kwenu na nywele ambazo walimu walimwita wakamzungusha kuzitazama. Lakini fomu haina nafasi ya kuandika hayo.

Usijitetee kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki pia. Itifaki ya Soko la Pamoja imeanza tangu Julai 2010, na ni kweli Mrundi anaingia bila viza. Lakini muhuri wa matembezi si ruhusa ya kufanya kazi, na katika ajira kila nchi iliandika orodha ya kazi itakazofungua. Ya kwetu ilielekea kwa wenye taaluma. Wakenya waliitaja Itifaki hiyohiyo walipoilalamikia amri ya Julai, na nadhani hoja yao ina uzito, ila wewe huna wanasheria wa serikali ya Kenya.

Hapo nimekujibu kama karani. Sasa nikujibu kama rafiki yako wa tangu bweni la Tabora Girls.

Mimi sisemi amri ile yote ni mbaya. Kariakoo watu wamelalamika kwa haki kabisa: mtu anashusha makontena, kisha anapanga meza ya rejareja mbele ya machinga anayenunua kwake huyohuyo. Hilo lilitakiwa kukomeshwa. Hata kununua mazao shambani, nimeona wakulima wa Kasulu wakiuza maharage yangali mashambani kwa bei ya njaa. Lakini amri haimpimi mtu. Mwenye makontena na mwenye sanduku la vitana na rasta wameandikwa mstari mmoja. Na kwenye mpaka kama wetu haya hayaishii kwenye leseni.

Wewe ni Mnyamwezi wa Tabora mjini, hujawahi kuulizwa. Sisi Waha tunaulizwa. Kiha na Kirundi ni ndugu wa karibu, majina yanafanana, sura ndiyo hizihizi. Nilipoomba pasipoti, baada ya kitambulisho cha NIDA, cheti changu na vyeti vya wazazi, dirishani niliulizwa babu alizaliwa kijiji gani, jirani zake ni akina nani, na kwa nini natamka neno fulani hivi. Mwenzangu wa Moshi aliyekuwa nyuma yangu kwenye foleni alimaliza kabla sijakaa. Wabunge wa mkoa huu wamelisema jambo hili hadharani mara nyingi. Kila msako wa wageni unapotangazwa, mama wa kwanza kushushwa kwenye basi huku ni Mtanzania aliyesahau kitambulisho nyumbani. Kwa hiyo unaposherehekea, ujue unasherehekea na hilo.

Tena hapo kwenu, tazama makazi ya wakimbizi ya Ulyankulu. Wale walikimbia Burundi mwaka 1972, wakalima, wakazaa, wakasomesha, na ilipofika 2014 zaidi ya 160,000 wa Ulyankulu, Katumba na Mishamo walikuwa wamepewa uraia. Wapo unaosali nao. Siku moja kabla ya karatasi ile walikuwa wageni, na siku ya pili yake ni wenzetu, na jembe ni lilelile. Nataka ukumbuke hivyo unapomtazama binti wa Makamba. Nchi ina haki ya kuweka sheria, nayo Marekani ni nchi pia. Lakini uchungu unaoupata kwa ajili ya Idrisa, mama yake yule binti anaupata hukohuko Makamba, na yeye hana hata wa kumwandikia.

Basi fanya hivi, nakuomba. Usimfukuze usiku. Usimfiche kwenye chumba cha nyuma pia, maana akipatikana humo itakuwa vibaya zaidi kwake kuliko kwako. Kama pasipoti yake unaishika wewe kwa usalama, mrudishie leo. Mwajiri hana ruhusa ya kushika pasipoti ya mtu, hata kwa nia njema. Mpigie hesabu ya kila anachodai, na ile amana ya kiti umpe yote. Ile hoteli uliyonitajia inayotaka kufungua chumba cha urembo, nenda kaongee na meneja kabla hujamwambia binti chochote, asije akajenga tumaini hewani: amri inaruhusu saluni ya hotelini, lakini hoteli nayo ni lazima iombe kibali cha kazi kama nilivyoeleza, na wao wana mtu wa kuifuatilia. Ikishindikana, yako masoko ya ujirani mwema huku mpakani, ambako watu wa pande zote mbili hukutana. Rasta na mafuta ya nywele anaweza kununua kwetu akauze kwao, halali kabisa, na mtaji utakuwa ni hiyo pesa yake uliyomlipa.

Niandikie, au bora upige simu, unitajie tarehe iliyogongwa kwenye pasipoti yake alipoingia na siku alizopewa. Kama bado zimo, asafiri kabla hazijaisha. Kama zimepita, usimpandishe basi kwanza, niambie, nitakuelekeza ofisi ya kuanzia ili ajieleze mwenyewe badala ya kukamatwa njiani. Wiki ijayo nina mizigo ya Burundi ya kupitisha mpaka wa Manyovu. Akifika Kigoma kabla ya Alhamisi ashukie kwangu, alale, na asubuhi nitakwenda naye mpakani.

Na Idrisa awaandikie chuo sasa hivi aombe wamuahirishie nafasi, aeleze kwamba ni zuio la viza na si uamuzi wake, kisha aombe majibu kwa maandishi. Barua hiyo ni ya bure. Anitumie niipitie kabla hajaituma.

Msalimie sana bibi, na mwambie mawese yake nimeshaagiza Simbo, yatakuja na mdogo wako akirudi.

Wako,
Mama Rehema