Gemu moja inanunuliwa mara ngapi?

Ndugu Mhariri,

Gazeti lenu nalisoma tangu enzi zile lilipokuwa linatufikia Dodoma jioni, habari zimeshapoa, na sijawahi kuwaandikia. Lakini kwa ile makala ya ukurasa wa teknolojia ya Jumamosi iliyopita, ile iliyowashauri vijana wanunue DLC, yaani nyongeza za gemu zinazouzwa mtandaoni, kwa kuwa eti ndiyo burudani yenye thamani kuliko zote, nimeshindwa kunyamaza. Mwandishi wenu ameandika kama mtu anayepewa gemu bure. Hakutaja bando. Hakutaja vocha ya dola inapatikanaje. Hakutaja inakuwaje ukishalipa na mashine ikakataa.

Mimi nina kibanda cha gemu hapa Chang'ombe, pembeni ya saluni yangu. Mechi moja jero. Kwa hiyo kabla sijanunua chochote cha dola huwa najiuliza kitu kimoja tu: zichezwe mechi ngapi ndipo kirudishe pesa yake? Cha dola 20 ni kama shilingi 50,000, maana yake mechi 100 zinachezwa kabla sijaona faida hata ya chumvi, na hapo umeme sijauhesabu.

Sisemi zote hazifai. The Witcher 3 ilitoka mwaka 2015 ikiwa gemu iliyokamilika, nyongeza ndogo 16 watengenezaji wakazigawa bure, halafu ndipo wakauza mbili kubwa. Ya pili, Blood and Wine ya mwaka 2016, imeongeza nchi nzima iitwayo Toussaint, mizabibu kila unakogeuka, mpaka mteja wangu mmoja akauliza kama ni Hombolo. Shadow of the Erdtree ya mwaka 2024, nyongeza ya gemu ya Elden Ring, nayo iliuzwa dola 40, pesa ambayo wengi huku hawaitoi hata kwa gemu nzima, na walioicheza wananiambia ukubwa wake ni wa gemu nzima kweli. Hapo sina ugomvi. Watu wamekaa chini, wametengeneza kitu kipya, wameweka bei. Ukiweza, nunua.

Ugomvi wangu ni hizi nyingine, ambazo ndizo nyingi. Mwaka 2006 kampuni ya Bethesda waliuza vazi la vita la farasi ndani ya gemu yao ya Oblivion kwa dola 2.50. Vazi la farasi! Wachezaji wakakejeli weee, na kejeli zao hazikuzuia kitu, leo kila gemu inauza nguo, kofia na rangi za bunduki. Mwaka 2012 kampuni ya Capcom wakavuka mpaka kabisa: gemu yao ya ngumi, Street Fighter X Tekken, ilikuwa na wapiganaji 12 ambao tayari wamo ndani ya CD uliyonunua, ila wamefungiwa, na kuwafungua ni dola 20. Mfanyabiashara wa Kibaigwa akikuuzia gunia la mahindi lililoshonwa katikati, nusu ya chini ukalipie tena kufumua mshono, jioni haimkuti sokoni. Lakini kwenye gemu tunaambiwa ndiyo teknolojia.

Sasa yaliyonikuta mimi. Wateja wangu wa jioni, wanafunzi na vijana wa bodaboda wanaosubiri abiria, walinisumbua kwa muda mrefu na wapiganaji watatu wapya wa gemu fulani ya ngumi. Sawa, mteja ni mfalme. Tanzania haimo kwenye orodha ya nchi za duka la mtandaoni linalouza nyongeza hizo, kwa hiyo akaunti ya kibanda changu, kama za vibanda vyote ninavyovifahamu, imefunguliwa kwa anwani ya Marekani. Kadi ya benki ya hapa duka linaikataa, basi unakwenda kwa kijana anayeuza vocha za dola, naye anaweka chake juu. Nikanunua, nikaingiza namba, nikalipa, nikajiunga bando, mzigo ukaanza kushuka. Umeme ukakatika. Ukarudi, mzigo ukaendelea, mpaka usiku wa manane ndipo ukakamilika. Kesho yake vijana wamejaa hadi mlangoni, nafungua gemu, na kweli wapiganaji watatu wamo kwenye safu, lakini nyuso zao ni za kijivu na kila mmoja ana kikufuli kifuani. Nazima, nawasha. Kikufuli. Kijana mmoja anayezijua hizi mashine akachukua kasha la CD, akaligeuza ubavu, akanionyesha vinamba vya kutafutia miwani: CD ni ya soko la Ulaya, nilichonunua ni cha soko la Marekani, na hivyo viwili havijuani. Gemu ni ile ile, jina lile lile, picha ya juu ile ile, kampuni ile ile, na pesa imekwenda mfuko ule ule! Nikawaandikia wenye duka. Wakajibu kwa adabu, wakanishukuru kwa kuwa mteja wao, kisha wakasema pesa hairudishwi kwa sababu mzigo umeshapakuliwa. Ningejuaje haufunguki bila kuupakua? Ukurasa wa kununulia ulikuwa na wapiganaji wanatema moto na kitufe cha kulipia kikubwa cha kuonekana toka Area D, ila onyo la masoko sikuliona hapo juu wala chini, na nilisoma mpaka mwisho kwa sababu mimi pesa ninayotoa huwa naisindikiza.

Na hilo bando nalo, Mhariri, lisemwe hapa hapa maana sijui nitaandika tena lini. Mzigo ule ulimaliza bando la wiki nzima, nikaongeza jingine, na kilichobaki kwenye lile jingine kikafa saa yake ilipofika, sijakigusa. Uniti za LUKU nilizonunua zinanisubiri mpaka nitakapowasha taa. MB hazisubiri mtu aamke. Mnakumbuka Aprili 2021, bei mpya za vifurushi zilivyoanza, nchi nzima ikapiga kelele na zikasitishwa? Tulipigia kelele bei, muda wa matumizi tukauacha, na huo muda ndio unaotula kila siku.

Turudi kwenye gemu. Makala yenu inasema ukinunua DLC unaimiliki milele. Nani kasema? CD nikiichoka naipeleka kwa mwenzangu wa Majengo, tunabadilishana, au ananiongezea elfu kumi mambo yanaisha. DLC huibadilishi na mtu, huiuzi, wala mashine ikiibiwa na nenosiri umesahau huna pa kuidai. Wenye The Crew, gemu ya magari, waliinunua kuanzia mwaka 2014, na nyongeza zake wakanunua, kisha tarehe 31 Machi 2024 kampuni yake, Ubisoft, wakazima seva, yaani kompyuta zao zinazoiendesha kwa mtandao. Gemu yenyewe haichezeki bila seva hizo, kwa hiyo mwenye CD na asiye na CD wakawa sawa. Hiyo ndiyo milele ya mwandishi wenu.

Zile kadi za wachezaji kwenye gemu za mpira ndizo mbaya kupita zote. Kijana analipia pakiti asiyojua ina nani ndani, anaombea mshambuliaji mkubwa, anapata beki wa daraja la tatu, anarudia. Toleo la mwaka unaofuata likitoka, kikosi chake kinabaki kwenye toleo la zamani na anaanza upya. Ubelgiji mwaka 2018 walisema mchezo wa namna hiyo ni kamari. Kwetu mtoto wa miaka 13 haruhusiwi kubeti dukani, lakini kwenye simu ya baba yake anabeti kwa jina la gemu, na ninyi mnamwandikia makala ya kumtia moyo.

Pendekezo langu ni hili. Tume ya Ushindani imtume ofisa mmoja, mmoja tu, aje kibandani kwangu siku ya Ijumaa jioni, pesa iwe yake mwenyewe na si ya posho. Anunue DLC ya dola 20 kwa njia zote tunazopita sisi: atafute anwani ya Marekani, amtafute kijana wa vocha, angoje umeme urudi. Kiti cha plastiki nitampa, na pedi ile isiyoteleza. Ikifunguka, nitafunga domo langu na kuiombea serikali. Isipofunguka, arudi ofisini akaandike kanuni kwamba kila kasha la gemu linaloingia nchini libandikwe karatasi ya njano yenye upana wa kiganja, kwa Kiswahili, iseme CD hii ni ya soko gani, kilichofungiwa ndani ni kipi, na kukifungua chote ni shilingi ngapi. Mfanyabiashara atakayeibandua karatasi hiyo alazimishwe kununua vazi la farasi.

Mwandishi wenu anaweza kuongozana na huyo ofisa. Kiti cha pili kipo, ila aje na bando lake.

Mama Gemu,
Chang'ombe, Dodoma