Risala ya Wahitimu wa Ususi na Urembo kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Chuo, walimu wetu, wazazi na wageni waalikwa,

Karibu sana kwenye mahafali yetu. Risala nyingi za wahitimu huanza na uhaba wa vifaa. Sisi tunaomba tuanze na hisa, kwani baadhi yetu tumeazimia kuungana ili tutengeneze mafuta ya nywele kwa jina letu wenyewe.

Mheshimiwa, darasani tuliifuatilia Johnson Products, kampuni ya bidhaa za nywele ya Chicago, Marekani, iliyoanzishwa mwaka 1954 na George E. Johnson na mkewe Joan. George alipoomba mkopo wa dola 250 na kusema ni wa biashara, alinyimwa. Akaenda tawi jingine la mkopeshaji huyohuyo, akadai anataka kumpeleka mkewe likizo, akapewa! Wakaanza na Ultra Wave, dawa ya kunyoosha nywele za wanaume, baadaye ikaja Afro Sheen, ya kutunza nywele za asili za afro. Mwaka 1971 ikawa kampuni ya kwanza ya Wamarekani weusi kuorodheshwa American Stock Exchange, soko la hisa la New York.

Kilichotushughulisha zaidi ni yaliyofuata. Wanandoa hao walipoachana mwaka 1989, udhibiti wa hisa ulimwangukia Joan. Mwaka 1993 kampuni ikauzwa kwa IVAX, kampuni ya dawa ya Florida, kwa takriban dola milioni 67. Ikapita mikononi mwa wengine, wakiwamo Wella na Procter & Gamble, hadi mwaka 2009 iliponunuliwa na wawekezaji wakiongozwa na Wamarekani weusi. Ilipouzwa mwaka 1993, wapo waliolalamika kwamba mali ya jamii ya Wamarekani weusi imeuzwa. Sisi hatumlaumu Joan. Jamii ilikuwa mnunuzi wa Afro Sheen; kura ilikuwa ya wenye hisa.

Mheshimiwa, nasi tayari tumekwama hapohapo. Mwenzetu mmoja ana mchanganyiko mzuri wa mafuta lakini hana mtaji. Wengine wana akiba, hawana mchanganyiko. Ujuzi wake tuupe hisa ngapi? Na mtu akitaka kujitoa, auze kwa yeyote au atuulize sisi kwanza? Tumebishana mpaka walimu wakatuzimia taa.

Kwa hiyo hatukuombi fedha. Tunaomba utuunganishe na mwanasheria atakayetuandalia katiba ya kampuni na mkataba wa wanahisa, kabla hatujachanga hata senti moja.

Tunaomba kuwasilisha.