Dada, hesabu gunia kwanza

Dada mpendwa,

Salaam kwako, kwa mama, kwa shemeji popote lori lilipomfikisha leo, na kwa watoto wote hapo Arua, huku kwetu Uganda. Uliniuliza utawatulizaje watu wa nyumba hiyo wakati wewe mwenyewe usingizi umekuhama. Bei zinapanda, habari za ugonjwa zinazunguka, ada ya muhula haijatimia, na kila anayepita kisimani ana uvumi wake. Jibu halikutosha kwenye simu. Na kwa kuwa si wewe peke yako unayeuliza, naliandika hadharani.

Naanza na stoo, dada, moyo utafuata. Sehemu kubwa ya hofu ya nyumbani ni hesabu ambayo haijapigwa. Mtu asiyejua gunia limebakiza siku ngapi huwaza njaa usiku kucha. Akijua ni siku kumi na moja, anabaki kuwaza ya kumi na mbili tu, na hiyo unaweza kuipangia.

Mko saba. Kwa kukadiria, mtu mmoja kwa siku anahitaji gramu 400 za unga au nafaka, gramu 60 za maharage, gramu 25 za mafuta na gramu 5 za chumvi. Kwa wiki mbili, hiyo ni karibu kilo 40 za unga au nafaka, kilo 6 za maharage, lita tatu kasoro za mafuta na nusu kilo ya chumvi. Mtoto mdogo na mama hawali kiasi hicho, kwa hiyo kitabaki cha mgeni. Kama mukene (dagaa wakavu), karanga au odii (siagi ya ufuta na karanga) hazipatikani, usitegemee gramu 60 za maharage, ongeza hadi 100. Dodo, yaani mchicha, na majani ya kunde yapande nyuma ya jiko, hayahitaji akiba.

Usikope ili kujaza stoo, na usinunue yote siku moja kwa woga, maana ukifanya hivyo ada inaliwa na unga. Kila wiki ongeza kilo tano za unga au mahindi na kilo moja ya maharage juu ya unachonunua kawaida. Baada ya wiki nane akiba itakuwa imetimia bila nyumba kuyumba.

Akiba nyingi huharibikia humo humo stoo. Unga hauvumilii joto lenu miezi mingi, unaingia wadudu na kuchacha. Kwa hiyo weka sehemu kubwa ikiwa mahindi makavu, usage kidogo kidogo. Gunia likae juu ya mbao, mbali na ukuta, jipya nyuma na la zamani mbele. Kabla ya kuweka mahindi, jaribu ukavu wake hivi: chukua chupa ya kioo iliyo kavu kabisa, jaza mahindi hadi theluthi moja, tia vijiko vichache vya chumvi kavu, funga, tikisa kwa dakika moja, acha dakika kumi na tano. Chumvi ikiganda kwenye kioo, mahindi bado ni mabichi, yarudishe kwenye turubai juani. Mahindi yaliyowekwa na unyevu hushika kuvu, na kuvu hiyo huacha sumukuvu inayoumiza ini. Kupika hakuiondoi. Punje zenye ukungu au rangi ya kijani zitoe, na usimpe hata kuku.

Maharage nayo hula makaa kuliko chakula kingine chochote jikoni kwako. Yaloweke tangu jioni, asubuhi mwaga maji hayo, bandika na mapya, yaache yachemke kwa nguvu dakika ishirini huku sufuria imefunikwa. Kisha ipua, itie sufuria kwenye kikapu ulichokitandika blanketi kuukuu, funika vizuri kila upande na uyaache saa tatu au nne. Yataiva yenyewe kwa joto lake. Yachemshe tena kidogo kabla ya kuyaunga. Usiruke ule mchemko wa kwanza, hasa kwa maharage mekundu, kwa sababu yakiivia kwenye joto la chini tu huumiza tumbo na kutapisha.

Maji: lita 15 kwa mtu kwa siku, yaani jerikeni tano na kidogo kwa nyumba yenu. Jerikeni moja iwe ya kunywa peke yake, maji yaliyochemshwa, yenye kifuniko, na yamiminwe badala ya kuchotwa. Mara nyingi maji hutoka sufuriani yakiwa safi, yakaharibiwa na kikombe kinachozamishwa pamoja na vidole.

Weka pia pesa taslimu za wiki moja, noti ndogo ndogo, sehemu mbili tofauti. Siku ya uchaguzi, tarehe 18 Februari 2016, kutuma pesa kwa simu kulizimwa pamoja na mitandao ya kijamii, na Januari 2021 intaneti ilikatwa nchi nzima kwa siku kama tano. Waliokuwa na kila kitu ndani ya simu walikwama hata na nauli ya boda. Kikundi chenu cha kuweka na kukopa, chenye sanduku la kufuli tatu, kina mfuko wa jamii. Uliza leo unatolewaje na kwa dharura zipi, usingoje siku ya msiba.

Sasa dawa za mama. Hesabu vidonge vya presha, uviandikie tarehe ya kwisha ukutani. Akibakiza vya wiki mbili, mtu aende kituoni. Kosa linalofanyika kimya kimya nyakati ngumu ni mzee kukata kidonge nusu ili kirefuke, au kuruka siku kwa kuwa anajisikia vizuri. Presha haina maumivu ya kumkumbusha, inapanda tu mpaka mshipa wa kichwani unapasuka. Wanaomeza ARV, dawa za VVU, ni vivyo hivyo: dozi haipunguzwi wala haigawanywi kwa mwingine.

Hayo yakishakaa sawa, ndipo tuje kwa watoto. Watoto hawafuati habari za redioni, wanafuata uso wako na saa za nyumba. Ukitaka watulie, linda mambo matatu yasibadilike saa hata kama yatabadilika wingi: chakula cha jioni, kuoga na kulala. Uji ukiwa mwepesi wanavumilia. Kinachowatikisa ni kutojua kama upo.

Ukiulizwa, usiseme "hakuna kitu." Atasikia kisimani kwamba kitu kipo, na kuanzia hapo hatakuuliza tena, atawauliza wenzake. Mwambie kinachotokea, tunachofanya, na kisichobadilika, kwa sentensi tatu. Kwa mfano: "Kuna ugonjwa umeingia na madaktari wanaufuatilia. Sisi tunanawa kwa sabuni na hatugusi mgonjwa wala maiti. Kesho utakwenda shule kama kawaida na bibi atakuwa hapa ukirudi." Kwa yule wa P.7, darasa la saba, ongeza kidogo, kwa sababu anapenda tarehe: mlipuko wa Ebola uliotangazwa Kampala tarehe 30 Januari 2025 ulitangazwa umekwisha tarehe 26 Aprili mwaka huo huo. Mtoto akijua kwamba milipuko ina mwisho, anapata pa kushika.

Huyo wa P.7 mwangalie kwa namna nyingine pia. Shule zilipofungwa Machi 2020 na kufunguliwa kikamilifu Januari 2022, watoto wengi waliokuwa na umri kama wake waligeuka wafanyakazi wa nyumbani au wa sokoni na hawakurudi darasani. Shida zikibana, mkubwa ndiye anayechukuliwa kwanza kuwa mkono wa ziada. Mpe kazi yenye mwisho, kwa mfano jerikeni mbili asubuhi na kuosha vyombo vya jioni, kisha saa moja na nusu ya vitabu isiyoguswa na mtu.

Mdogo aliyeanza tena kukojoa kitandani usimchape, wala usimtangaze mbele ya wageni. Mwili wake ndio unaoongea. Badilisha shuka kimya, punguza vinywaji baada ya saa moja jioni, mwamshe akojoe kabla wewe hujalala. Ila kama kukojoa kunamuuma, ana homa, au anakunywa maji kupita kawaida, mpeleke kituoni. Na hapa nasisitiza: homa ya mtoto isiitwe mawazo hata siku moja. Apimwe malaria ndani ya saa ishirini na nne, kwa VHT, mhudumu wa afya wa kijiji, au kituo cha afya. Akiharisha, mpe ORS, ile dawa ya unga wa chumvi na sukari ya kurudisha maji mwilini, pakiti moja kwa lita moja kamili ya maji safi. Wengi huichanganya kwenye kikombe ili iwe kali, na chumvi ikizidi inamdhuru badala ya kumsaidia.

Kwa habari na uvumi sina mengi. Chagua mara moja kwa siku, taarifa ya redio ya jioni, watoto wakiwa nje. Sauti za WhatsApp zisizo na jina wala tarehe usizipeleke mbele.

Usiku wako wewe ndio unaonihangaisha zaidi. Kuamka saa tisa na kifua kinadunda kunachosha kuliko kulima. Kaa kitako, miguu yote chini, ikandamize sakafuni mpaka uihisi. Vuta pumzi kwa hesabu ya nne, itoe taratibu kwa hesabu ya sita, mara kumi. Ni karibu dakika mbili. Wengi hukosea kwa kuvuta kwa nguvu na haraka, wakapata kizunguzungu na vidole kufa ganzi, wakadhani wanakufa. Nguvu iko kwenye kutoa, na itoke polepole. Kisha lipe wazo jina lake: "hili ni wazo la ada." Usibishane nalo. Tazama vitu vitatu chumbani, sikiliza sauti mbili. Usingizi usiporudi baada ya dakika ishirini hivi, ondoka kitandani, kaa gizani, simu iache mbali. Njia hizi za kukanyaga chini na kulitaja wazo ni miongoni mwa zile walizofundishwa wanawake wakimbizi wa Sudan Kusini katika makazi ya wakimbizi ya Rhino Camp, huko huko kwenu West Nile, kwa vikao vitano vya kusikiliza sauti iliyorekodiwa, na dhiki yao ikapungua.

Mchana nao uyape mawazo saa yake. Saa kumi na moja jioni, robo saa, daftari mkononi. Kushoto andika ninachoweza kukigusa wiki hii, kulia nisichokiweza. Chagua kimoja cha kushoto, kifanye kesho kabla ya saa sita. Yakija nje ya saa yake, yaambie yangoje jioni.

Shemeji akirudi, usimkalishe mezani umuulize ana nini. Wanaume wengi huongea wakiwa na kazi mkononi: mshikie taa anapokagua tairi, umuulize hapo. Kama ameanza kutegemea waragi ili alale, mweleze kinachotokea: pombe humlaza haraka na kumwamsha usiku wa manane akiwa na wasiwasi mara mbili. Hasira ikifikia mkono, hilo si la kuvumiliwa kwa sababu nyakati ni ngumu. Mwite mwenyekiti wa LC, baraza la kijiji, au kitengo cha polisi cha familia na watoto. Kwa mtoto anayeumizwa piga 116, ni bure.

Usibebe peke yako pia. Mwaka 2002, katika vijiji 30 vya Masaka na Rakai, watu wenye sonona walikutana kwa vikundi mara moja kwa wiki kwa wiki 16, wakiongozwa na wenyeji waliofunzwa ambao hawakuwa madaktari. Walipata nafuu kubwa kuliko wale ambao hawakupewa vikundi. Wale mama wanne wa kanisani mnaoaminiana wanatosha kuanza. Siku moja, saa moja, kila mmoja aseme linalomlemea na kusikilizwa bila kuhukumiwa.

Lakini kuna mahali mazungumzo ya nyumbani hayatoshi. Mtu akimaliza wiki mbili bila usingizi, bila kula vizuri, hafurahii chochote na kazi zimemshinda, apelekwe kituo cha afya. Hospitali za rufaa za mikoa, Arua ikiwemo, zina kitengo cha afya ya akili, si Butabika, hospitali kuu ya akili ya Kampala, peke yake. Akisema amechoka kuishi, muulize wazi kama anawaza kujiua. Swali hilo halimpandi wazo, humfungulia mlango. Usimwache peke yake, muende wote siku hiyo hiyo. Na hata kabla ya hapo, dawa za shamba zitoke chini ya kitanda, zifungiwe kwenye sanduku lenye kufuli, ufunguo ukae kwako.

Jumamosi hii azima mizani ya dukani, pima gunia, kisha hesabu vidonge vya mama. Niandikie namba hizo mbili tu. Jumapili saa mbili usiku nitapiga, tupange kuanzia hapo.

Mdogo wako, Kampala